Mashine ya kulainisha maji ya kisima, miezi saba nyumbani kwangu Wazo: kazi inafanya, ila sio ile niliyouziwa

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: mashine yenyewe naipa nne kati ya tano, maelezo ya dukani naipa moja, na ufundi wa kuifunga naupa mbili. Sasa kama una kisima na unawaza kutoa hela yako basi kaa tuongee, maana mimi nilitoa milioni moja na laki tisa na nusura niirudishe mashine nzima kwa sababu ya kitu ambacho mtu angenieleza kwa dakika tano tu.

Tunakaa Wazo, upande wa juu. Kisima tulichimba baada ya ule mgao wa Oktoba 2022, wale mliokuwepo Dar mnakumbuka, mto Ruvu unaotuletea maji ya bomba umepungua, jiji zima watu wanazunguka na madumu, boza unalipigia simu asubuhi linakuja usiku na bei imepanda. Mume wangu akasema basi, tunachimba. Tukachimba mita 70, maji yakatoka mengi, meupe, yanang'aa, tukashukuru sana. Wiki ya kwanza hakuna aliyeona tatizo.

Wiki ya pili mama mkwe akaniuliza, mama Nasra hii sabuni uliyonunua safari hii ni feki? Anafua hapati povu, anapata kitu kama maziwa yaliyokatika kinaelea juu ya beseni, na nguo ikikauka inakuwa kavu kama karatasi. Nikabadilisha sabuni mara tatu. Mche wa bei ya chini, mche wa bei ya juu, ya unga, hola. Mashati ya shule ya Nasra yakaanza kuwa na rangi ya majivu. Chai ya rangi ukiiacha kidogo kwenye kikombe inatanda kitu juu kama mafuta, ukikikoroga kinavunjikavunjika. Maharage ndo usiseme, tunayaweka jikoni saa nne mpaka adhuhuri bado yanagonga kwenye sufuria, mama mkwe akarudi kwenye magadi kama alivyokuwa akifanya zamani kijijini kwao. Na kumbe magadi ile bibi zetu walikuwa wanajua, maana magadi inaiangusha chokaa iliyomo kwenye maji na kulainisha ganda la haragwe, ila ukizidisha kidogo tu maharage yanapata ladha ya sabuni na mimi hiyo siipendi.

Halafu hita. Tuna hita ya lita 50 ya bafuni. Koili ya kwanza iliungua baada ya miezi nane, fundi akasema umeme wa huku unapanda na kushuka, tukaweka ya pili, nayo ikafa, ya tatu nikamwambia fundi naomba uifungue mbele yangu nione. Jamani. Alichotoa mle ndani ni kama amefukua ukuta. Koili imevaa ukoko mnene kama kidole gumba, mweupe wenye ukahawia, na chini ya pipa kuna vipande kama kokoto, tulijaza ndoo ndogo ya lita tano karibu nusu. Fundi mwenyewe akakaa kimya. Ule ukoko unazuia moto usifike kwenye maji, kwa hiyo koili inajipika yenyewe ndani ya gamba lake mpaka inakatika, na muda wote huo luku inakwenda tu. Nilikuwa nalaumu umeme bure.

Sasa hapa ndo nataka niongee kwa kirefu kidogo maana ndo kiini cha yote. Sisi watu wa Dar tuna jina moja, maji ya chumvi. Kisima cha Kigamboni maji ya chumvi, kisima cha Tegeta maji ya chumvi, kisima cha Mbezi maji ya chumvi, mtu akisema sabuni haitoi povu tunamwambia ni chumvi hiyo, akisema chai haina ladha tunamwambia ni chumvi hiyo. Kumbe ni vitu viwili tofauti. Kuna chumvi yenyewe, hii ya mezani, ambayo kwa maeneo ya pwani inaweza kutoka baharini ikasogea chini kwa chini hasa pale visima vinapovutwa sana. Na kuna chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu, ambayo inatoka kwenye mawe, na maji yenye chokaa nyingi ndo yanaitwa maji magumu. Na sisi wa Wazo hatuna haja ya kuuliza mawe gani, kiwanda cha saruji kipo hapa tangu 1966 kwa sababu kilima kizima ni mawe ya chokaa! Sehemu kubwa ya pwani yetu hii ina mawe ya matumbawe ya kale, ndiyo hayohayo watu wa Kilwa waliyajengea misikiti na wakayachoma kupata chokaa ya kuungia kuta. Mvua inanyesha, maji yanashuka ardhini yanabeba hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali kidogo, yanayeyusha jiwe yanapopita, yanatufikia kwenye kisima yakiwa masafi machoni lakini yamebeba jiwe ndani. Ukiyachemsha ile hewa inatoka, na jiwe linarudi kuwa jiwe, kwenye koili yako, kwenye jagi lako la umeme, kwenye pasi yako.

Maji yanaweza kuwa na kimoja au vyote viwili. Ya kwangu yana vyote viwili, chokaa nyingi na chumvi kidogo ile unayoisikia kwa mbali mwisho wa ulimi. Na dawa ya kimoja sio dawa ya kingine. Hilo hakuna aliyeniambia.

Nilienda Kariakoo na mume wangu, duka silitaji. Kijana wa pale mchangamfu sana, nikamwelezea yote, hita, sabuni, chai, na kwamba maji yana chumvi kidogo mdomoni. Akasema dada usijali, hii mashine inaondoa chumvi yote, maji yatakuwa kama ya chupa. Akachukua kalamu yake ya TDS, ile ya kidijitali ya kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, akaichovya kwenye maji niliyobeba kwenye chupa, ikasoma 1,140, akaichovya kwenye maji ya kunywa ya dukani ikasoma namba ndogo, akasema unaona tofauti, mashine itakushusha mpaka huku. Tukalipa. Nasema ukweli sikuwa na sababu ya kumshuku, alikuwa anaongea kwa kujiamini na namba ziko mbele ya macho yangu.

Mashine yenyewe ni mtungi mrefu wa plastiki ngumu, umejaa vipunje vidogo vya rezini rangi ya asali, lita 25 za rezini, juu una kichwa chenye mkono wa kuzungusha, pembeni kuna pipa la maji ya chumvi. Kuna zenye kichwa cha umeme zinazojiosha zenyewe, hiyo ilikuwa inaongezeka kama laki sita hivi, tukachukua ya mkono, na kwakweli sijutii, umeme ukikatika haijali.

Fundi akaja Jumamosi. Kitu cha kwanza kikagoma, alitaka kuifunga chini ya simtanki ili maji yashuke kutoka juu yapite kwenye mashine yaingie ndani. Simtanki letu liko kwenye mnara wa mita nne. Maji yakawa yanatoka bafuni kama machozi. Mashine hizi zinataka msukumo, na tanki likiwa mita kumi juu ndo linakupa baa moja ya msukumo, sasa mita nne utapata nini. Ikabidi abomoe aanze upya, aifunge kwenye bomba linalotoka pampu ya kisima kwenda juu, pampu ndo isukume, maji yapande tankini yakiwa yameshalainika. Hapo nikanunua na tanki la pili la lita 1,000 likae chini na maji ghafi ya kisima kwa ajili ya bustani, kuoshea gari na vyoo, kwa sababu hakuna maana ya kulainisha maji ya kumwagilia. Kwa hiyo ukiulizia bei kumbuka na tanki, na mabomba, na siku ya pili ya fundi. Mwambie mapema kabisa ataifunga wapi.

Basi, ikafungwa, tukajaza tanki. Mimi nishanunua kalamu yangu ya TDS, nilikuwa na hamu kweli, naenda kupima natetemeka. 1,160. Nikaifuta nikapima tena. 1,160. Yaani imepanda! Nikaonja maji, chumvi ileile kwa mbali. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikahisi tumeibiwa. Mume wangu akapiga simu dukani, kijana akasema mpe siku tatu izoee, siku tatu zikapita, akasema labda kalamu yenu mbovu, tukaanza kupandishiana sauti. Mume wangu yeye alikuwa tayari kufungua na kuirudisha kwa bajaji siku hiyohiyo.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alikuwa anafua nje, akaita, mama Nasra njoo uone. Beseni limejaa povu. Povu mpaka linamwagika. Alikuwa ameweka sabuni ileile aliyozoea na limemfika kwenye viwiko.

Hapo ndo nikaanza kusoma na kuuliza watu wanaojua. Kalamu ya TDS haijui chokaa wala chumvi, inahesabu kila kilichoyeyuka kwa jumla, haikuambii ni nini. Na mashine hii haiondoi, inabadilishana. Vipunje vya rezini vinakuwa vimeshika sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida, maji magumu yakipita rezini inang'ang'ania kalsiamu na magnesiamu na kuiachia sodiamu iende na maji. Idadi ya mzigo inabaki karibu ileile, hata inaongezeka kidogo, ila mzigo umebadilika, badala ya ule unaoganda kuwa jiwe na kukata sabuni umepata ule usioganda. Kwa hiyo kalamu kusoma 1,160 haikuwa ubovu, ndivyo inavyotakiwa. Na chumvi ya mdomoni mashine hii haiwezi kuigusa hata ukiiwekea mitungi mitano. Chumvi inatolewa na mashine ya aina nyingine, ile ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba sana, RO, ambayo inamwaga sehemu ya maji na kwa nyumba nzima gharama yake mimi siiwezi.

Kijana wa dukani alikuwa ananionyesha kipimo cha tatizo ambalo bidhaa yake haitibu. Sidhani hata alikuwa anadanganya makusudi, nadhani naye ndivyo alivyofundishwa, lakini mteja anaumia vilevile.

Kipimo sahihi cha ugumu ni karatasi ndogo za kuchovya zinazobadilika rangi, unalinganisha na rangi za kwenye kopo. Niliagiza. Maji ghafi ya kisima changu yaligota kwenye miligramu 425 kwa lita, na hapo ndo mwisho wa kopo, yanaweza kuwa zaidi. Kwa vipimo vya kawaida kuanzia miligramu 180 kwa lita maji yanaitwa magumu sana, sasa piga hesabu sisi tulikuwa wapi. Baada ya mashine karatasi inasoma kati ya 0 na 25. Hiyo ndo kazi niliyolipia, na imefanyika vizuri kabisa.

Na hata bila karatasi unaweza kujipimia nyumbani bure. Chukua chupa tupu safi, jaza theluthi ya maji unayotaka kupima, kwangua sabuni ya mche kidogo kama ncha ya kijiko utie humo, tikisa kwa nguvu. Maji laini yanakupa povu jingi na maji ya chini yanabaki karibu safi. Maji magumu yanakupa povu la kusuasua na chini yamekuwa kama tui lililokatika. Tumia mche wa kweli, sio sabuni ya maji ya vyombo, ile mara nyingi imetengenezwa ipige povu hata kwenye maji magumu itakudanganya. Na ule ukoko mweupe kwenye bomba, udondoshee siki. Ukichemka vipovu ni chokaa. Ukitoka kwa maji matupu tu bila siki, hiyo ni chumvi. Natamani ningejua haya kabla sijapanda daladala kwenda Kariakoo.

Kabla sijasahau, kabla ya hii mashine shemeji yangu alituletea ile sumaku ya kufunga kwenye bomba, alisema inavunja chokaa. Tulikaa nayo miezi minne. Ile koili ya tatu imekufa sumaku ikiwa palepale kwenye bomba, na nilipopata karatasi nikapima maji yaliyopita kwenye sumaku na yasiyopita, rangi moja. Msitoe hela.

Sasa maisha ya kila siku na mashine. Rezini ikijaa lazima uioshe kwa maji ya chumvi ndo iachie chokaa na ichukue sodiamu upya. Ya kwetu tunaiosha kila ikipita lita 2,400 hivi, tumefunga mita ndogo ya maji tunaandika kwenye kalenda ya jikoni, kwetu inakuja kama kila siku ya nne. Kila kuosha kilo tatu za chumvi. Nilikaa nikapiga hesabu nikashangaa, kwa maji ya 425, lita 2,400 zinabeba kilo nzima ya chokaa. Kilo nzima ya jiwe kila siku nne lilikuwa linaingia nyumbani kwangu, nusu linaganda kwenye vyombo vyangu na mimi nalaumu umeme.

Chumvi natumia ya mawe, ile ya magunia inayotoka mashamba ya chumvi ya pwani, Bagamoyo na kwingineko, ni rahisi kuliko ya pakiti. Ila ina udongo, usipoiyeyusha pembeni na kuichuja kwa kitambaa udongo unakaa chini ya pipa na kuziba kile kibomba cha kunyonya. Iliniziba mwezi wa pili. Mashine ikawa inazungushwa vizuri, saa moja na nusu inaisha, na chumvi haijaenda hata kidogo, maji yakarudi kuwa magumu bila sisi kujua mpaka povu likapotea tena kwenye beseni. Siku hizi nachungulia pipa kila baada ya kuosha, kiwango cha maji kisiposhuka najua kuna kitu.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni bustani. Yale maji ya kuoshea yanatoka na chumvi kali pamoja na chokaa iliyoachiwa, kama lita 200 kila mara, na fundi akachukua bomba la kutolea akalielekeza kwenye tuta la mchicha, akaniambia na bustani itapata maji. Nilimwamini. Ndani ya wiki tatu mchicha wote ukakauka kuanzia pembeni za majani, na mgomba mmoja ambao mama mkwe aliupanda siku Nasra alipozaliwa ukaanza kunyauka. Mama mkwe hakusema kitu, alikuwa anaenda kuuangalia tu asubuhi na jioni. Tulihamisha bomba, tukachimba shimo upande wa chini wa kiwanja mbali na kisima, tukamwagilia pale penye tuta maji mengi ya mvua ya masika kuosha udongo. Mgomba umepona, mchicha bado haukubali ile sehemu. Muulize fundi swali hili kabla hajagusa bomba: yale maji ya chumvi yanaenda wapi? Akisema bustanini mwambie asubiri kwanza.

Kitu kingine ambacho duka halikusema ni kuhusu presha. Kwa maji ya ugumu wa 425 mashine inaongeza karibu miligramu 195 za sodiamu kwenye kila lita. Mtu mzima mwenye afya anaoga na kufua hana shida, lakini mama mkwe ana presha na zahanati wamemwambia apunguze chumvi, sasa nimpe maji ya sodiamu anywe kutwa nzima? Hapana. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia chakula chake tunakinga ya bomba siku yanapotoka, yale ya Ruvu, tunayaweka kwenye madumu maalum yenye kamba nyekundu, tunachemsha, yakikosekana tunanunua ya lita 20. Na maji magumu yenyewe kunywa sio sumu, watu wananiuliza sana hilo, kalsiamu na magnesiamu ni vitu mwili unavihitaji, tatizo lake ni vyombo na sabuni.

Faida sasa, nisije nikaonekana nalalamika tu. Sabuni ya mche iliyokuwa inaisha kwa wiki sasa inakwenda wiki mbili na siku. Mashati ya shule hayajarudi kuwa mapya, yale yaliyokufa yamekufa, lakini tuliyonunua Januari bado meupe. Maharage ya kuloweka usiku kucha yanaiva bila magadi, ya mama mkwe tunatumia maji ya bomba. Mashine ya kufulia ilikuwa kila mwezi kile kichujio cha pale maji yanapoingia kimejaa chembe, sijakifungua tangu Machi. Nywele za Nasra hazikatiki kwenye kitana kama zamani, na mimi mwenyewe miguu haipauki nikitoka kuoga. Vigae vya bafuni vilikuwa na michirizi myeupe nilishakata tamaa, nilivisugua mara moja kwa ndimu ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikatoka, na haijarudi.

Kuoga kunahitaji kuzoea. Maji laini yanateleza, unasuuza sabuni unahisi bado ipo mwilini, mama mkwe wiki ya kwanza alikuwa anamaliza ndoo mbili akisema haitoki hii. Inatoka, ila ngozi ilikuwa imezoea kukwaruzika.

Hita tumeifungua mwezi uliopita, mwezi wa sita wa mashine, koili ya nne. Ina utando mwembamba kama vumbi la chaki, nafikiri ni wa zile siku pipa lilipoziba. Nilipitisha kidole ukatoka.

Wiki iliyopita nilirudi dukani. Sikwenda kugombana, nilikwenda na chupa mbili, moja maji ya kisima moja maji ya mashine, na kipande cha mche na kisu kidogo. Nikamwomba kijana atikise mwenyewe pale kaunta. Alitikisa zote mbili, akaziangalia muda mrefu, akachovya kalamu yake, 1,140 na 1,160, akaniangalia mimi. Nikamweleza yote niliyoandika hapa, bosi wake akasogea akasikiliza, akauliza zile karatasi za kupimia nimezipata wapi. Wakati naongea kulikuwa na mzee amesimama pembeni, anatoka Kigamboni, maji ya kisima chake povu linatoka vizuri tu ila chai hainyweki kwa chumvi, na alishauliza bei ya mashine kama yangu na hela alikuwa nayo mkononi. Kijana akamgeukia akamwambia, mzee wangu shikamoo tena, hii haitakusaidia. Mzee akauliza sasa mbona dakika kumi zilizopita umeniambia itanisaidia, kijana akasema nilikuwa sijui. Bosi hakusema kitu. Mzee alirudisha hela mfukoni, akaomba chupa yangu moja aione kwa karibu.